Mapacha Wanakuja: Vitu au Mikono?



Mtoto ni baraka, na mapacha ni baraka mbili kwa siku moja. Ndivyo tunavyosema tukienda kumpongeza mama, na tunasema kweli. Lakini mume na mke waliotoka kliniki wakiwa wameambiwa kwamba mioyo inayopiga tumboni ni miwili, wanajua kwamba furaha hiyo huja na hesabu zake. Usiku ule ule huanza kuulizana: Tulikuwa tumepanga kitanda kimoja, sasa viwe viwili? Nguo za kaka yao zitatosha? Nepi je? Kigari je? Na pesa zitatoka wapi?

Wengi hudhani kwamba hayo ni maswali ya dukani tu. Kumbe ni maswali ya dhamiri pia. Maana katika kuamua ni vitu gani vinunuliwe na vipi viachwe, mume na mke huamua nani atachoka na nani atalala, deni litabebwa na nani, na kila mtoto atapata nini kwa wazazi wake. Basi tulifikirie jambo hili pamoja, bila haraka.

Nani atazifua?

Tuanze na nepi, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Mtoto mchanga hubadilishwa nepi kama mara 8 hadi 10 kwa siku. Mapacha basi hutumia nepi 16 hadi 20 kila siku. Mkichagua za kitambaa, na iwe ni majira ya mvua ambapo nguo huchukua siku mbili kukauka, mtahitaji dazeni 3 hadi 4, beseni mbili, sabuni na maji ya kutosha. Mkichagua nepi za kutupa, mtahitaji kama 500 hadi 600 kwa mwezi katika siku za mwanzo. Pigeni hesabu hiyo kwa bei ya duka lenu, nanyi mtaona kwa nini wazazi wengi huguna.

Baba akiisha kupiga hesabu hiyo atasema, "Basi tutumie za kitambaa. Mama yangu alitulea sote kwazo." Neno lake si baya. Nepi ya kitambaa hufuliwa ikatumika mwaka mzima, na baadaye ikamfaa mtoto mwingine. Lakini kabla ya kulikata shauri, baba huyo hana budi kujiuliza: nani atazifua? Kama ni mke wake peke yake, ambaye pengine amejifungua kwa upasuaji, naye ananyonyesha wawili usiku na mchana, basi nepi hizo si za bei rahisi hata kidogo. Bei yake inalipwa kila siku kwa mgongo wa mama, wala haionekani katika daftari la matumizi.

Na mama naye yafaa ajiulize. Anayesema, "Watoto wangu watavaa nepi za kutupa tu, mchana na usiku," na mumewe akalazimika kukopa au kufanya kazi hadi saa nne za usiku ili zinunuliwe, ameondoa nyumbani mikono miwili iliyohitajiwa kuliko nepi zenyewe.

Hapa ipo kanuni ambayo twawaomba mwishike. Kila kitu cha lazima msichokinunua, mikono ya mtu fulani itafanya kazi yake. Na kila kitu mnachokinunua kwa deni, mikono ya mtu fulani itaondoka nyumbani kwenda kulilipa. Kwa hiyo msiulize tu, "Kitu hiki ni shilingi ngapi?" Ulizeni pia, "Ni mikono ya nani itakayokilipa?" Asiyefua asiamue peke yake kwamba kufua ni rahisi. Asiyetafuta pesa asiamue peke yake kwamba pesa zitapatikana. Pengine mtakubaliana kutumia kitambaa mchana na za kutupa usiku, na baba afue jioni akirudi. Hilo si jambo la aibu kwa mwanamume. Ni wanawe.

Mtoto mchanga anahitaji nini hasa?

Ukiingia leo katika duka la vitu vya watoto, au ukifungua simu yako, utaonyeshwa vitu mia moja na kuambiwa kwamba vyote ni vya lazima. Mahitaji ya mtoto mchanga kwa kweli ni machache, nayo hayajabadilika: joto, maziwa, usafi, mahali salama pa kulala, na mtu wa kumshika. Tuyaangalie tukikumbuka kwamba watoto ni wawili.

Joto kwanza. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na wengi huzaliwa wakiwa wadogo, chini ya kilo 2.5. Mtoto mdogo hupoteza joto upesi. Kwa hiyo kofia mbili au tatu kwa kila mmoja, soksi, sweta na mashali ya kufunika ni vitu vya lazima kweli, hata kama mnaishi mahali penye jua. Lakini nguo zenyewe msizirundike kabla hamjawaona. Nguo iliyoshonwa kwa mtoto wa kilo tatu na nusu itampwaya mtoto wa kilo mbili, na kufikia kama mwezi wa tano watoto wengi huwa wamefikia uzito mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Nguo sita au saba kwa kila mtoto zatosha kuanzia.

Kuhusu joto hilo, lipo jambo ambalo kila baba yafaa alijue. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati na mashine chache za kuwatunzia joto. Akawaweka watoto hao kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyombeba mtoto wake. Njia hiyo iliyoanzishwa kwa sababu ya uhaba imeonekana kuokoa maisha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianze mara tu baada ya mtoto mdogo kuzaliwa, na iendelee kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Sasa fikirini: watoto ni wawili, na kifua cha mama ni kimoja. Baba naye anacho kifua, na joto lake lafaa vilevile. Hakuna duka linalouza kifaa hicho, nacho mmekwisha kuwa nacho nyumbani.

Maziwa. Mama wengi wa mapacha huambiwa na jirani, hata kabla ya kujifungua, kwamba maziwa yao hayatatosha wawili, kwa hiyo wanunue makopo na chupa mapema. Mwili hautengenezi maziwa kwa kipimo kilichokwisha kuamuliwa. Watoto wanaponyonya zaidi, maziwa huongezeka, na mama wengi wamenyonyesha mapacha kwa miezi sita bila kuwapa kitu kingine. Serikali yetu ilitunga sheria mwaka 2012 kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo kwa watoto wachanga, kwa sababu matangazo hayo huwavunja mama moyo. Hata hivyo, kuna mama ambaye baada ya kujitahidi na kusaidiwa na muuguzi bado hupungukiwa. Huyo asihukumiwe na mtu. Apate ushauri wa kliniki, na watoto wanyweshwe kwa kikombe safi, ambacho ni rahisi kuosha kuliko chupa. Lakini fahamuni kwamba mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Wawili ni mara 16 hadi 24. Mama huyo anahitaji chakula kizuri, maji ya kunywa, na mtu wa kumpokea mtoto mmoja wakati mwingine ananyonya. Pesa za makopo mlizokuwa mmetenga zikinunua mayai, maharagwe na maziwa ya mama mwenyewe, hazikupotea.

Usingizi. Kila mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu kiasi, bila mto wala vitu laini karibu na uso wake. Kama mnakaa sehemu yenye malaria, neti yenye dawa ni ya lazima kuliko kitanda chenyewe, na katika sehemu hizo mama mjamzito hupewa neti bure kliniki. Je, vitanda viwe viwili? Hapa hata wataalamu hawasemi neno moja. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hushauri kila mtoto awe na mahali pake pa kulala, na washauri wa afya wa Uingereza hukubali mapacha walale katika kitanda kimoja siku za mwanzo, kila mmoja akiwa chali. Mkiwa na uwezo wa vitanda viwili vya kawaida kutoka kwa fundi wenu, vema. Mkianza na kimoja, ulizeni kliniki jinsi ya kuwalaza humo, na mwanze kutenga pesa za cha pili kabla hawajaanza kujigeuza.

Kubebwa. Kigari cha mapacha hupendeza macho, na mwenye barabara nzuri na nyumba yenye nafasi kitamfaa. Lakini kabla ya kukinunua pimeni mlango wenu, mkumbuke ngazi mnazopanda, mkumbuke matope ya mwezi wa nne, na jinsi kigari hicho kitakavyoingia katika matatu. Leso mbili zilizo imara zinapita mahali pote hapo, mradi wawepo watu wawili wa kuzifunga. Kama mna gari, kila mtoto awe na kiti chake cha usalama, na msichukue kiti kilichokwisha kuwa katika ajali, hata mkipewa bure. Kile kigari cha kujifunzia kutembea, chenye magurudumu na kiti katikati, msinunue hata kimoja. Kanada ilikataza kabisa kuuzwa kwake mwaka 2004, kwa sababu watoto walikuwa wakianguka nacho kwenye ngazi na kuumia vichwa. Nacho hakimsaidii mtoto kutembea mapema.

Usawa si kufanana

Wazazi wa mapacha husumbuliwa na swali ambalo wazazi wengine hawalijui: Je, haki ni kuwapa vitu vile vile? Wengi hujibu ndiyo, wakanunua kila kitu viwili viwili, rangi moja, bei moja. Nia yao ni njema, wasionekane kupendelea. Lakini wenye hekima tangu zamani wamefundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kile kinachomstahili, na watu wawili huenda wakastahili vitu viwili tofauti.

Mapacha mara nyingi huzaliwa hawalingani. Mmoja aweza kuwa na kilo 2.6 akarudi nyumbani siku ya tatu, na mwenzake akawa na kilo 1.7 akabaki hospitali wiki tatu. Wazazi wakiwa na shilingi elfu moja, ni kuwaonea wakimpa yule mdogo mia tisa? La. Wangemwonea wakiigawa mia tano mia tano. Kitu cha kugawa sawasawa ni upendo, nao haupungui kwa kugawiwa. Vitu hugawiwa kwa haja.

Waluo wanayo desturi inayotufundisha jambo hapa. Pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Opiyo, au Apiyo kama ni msichana. Anayefuata huitwa Odongo, au Adongo. Tumbo lilikuwa moja, na siku ni moja, lakini kila mmoja amepewa jina lake. Nasi tunajua habari za Esau na Yakobo, ambao baba alimpenda mmoja na mama akampenda mwingine, na nyumba ikagawanyika. Nyumba hiyo haikuharibiwa na nguo zisizofanana. Iliharibiwa na mioyo ya wazazi. Kwa hiyo msijitie gharama ya kuwavika mapacha wenu sare. Jitahidini kila mmoja ashikwe, aimbiwe na kuitwa kwa jina lake kila siku, na baba na mama wote wawili.

Wala msimsahau kaka au dada yao mkubwa. Huyo atawaona wageni wawili wamekuja na kila zawadi ni yao. Sehemu ndogo ya bajeti yenu, na sehemu kubwa zaidi ya saa zenu, ni haki yake.

Aibu na majivuno

Sasa tuguse jambo ambalo halisemwi wazi. Vitu vingi hununuliwa kwa sababu ya macho ya watu. Baba hataki isemwe kwamba wanawe walivikwa mitumba. Mama hataki marafiki wakija kumwona wakute kitanda cha kuazima. Kutaka watoto wako wasipungukiwe ni upendo. Lakini mtoto wa siku kumi hajui kama shali lake lilitoka duka kubwa au Gikomba. Anayejua ni jirani. Tukikopa ili jirani aone, basi tumemnunulia jirani, na deni tumewaandikia watoto.

Wazee wetu walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi mkopo huingia kwenye simu kabla hujamaliza kuuomba, na siku ya kulipa hufika mapema vilevile. Tunawasihi msinunue kitu cha mtoto kwa mkopo wa namna hiyo. Nguo za mitumba zikifuliwa vizuri, zikaanikwa juani na kupigwa pasi, ni nguo kama nyingine. Beseni ya kuazima husafisha kama ya kununua. Mama na Yosefu walipompeleka Mtoto hekaluni, walitoa ndege wawili, sadaka iliyoruhusiwa kwa wale wasioweza kumleta mwana-kondoo. Hatusomi kwamba walikopa.

Na ikiwa jumuiya yenu ndogo, au chama cha akina mama, au shangazi wa watoto, watauliza mnahitaji nini, msijibu kwa heshima ya uongo, "Hatuhitaji kitu." Waambieni ukweli. Waambieni pia kwamba zawadi bora ni siku moja kwa wiki ya kuja kufua, kupika, au kumshika mtoto mmoja ili mama alale. Mkono mmoja haulei mwana, sembuse wawili.

Lakini hapa lazima tuseme na akina baba kwa uwazi. Kujinyima kwa ajili ya familia ni fadhila pale anayejinyima ni yule anayehubiri. Baba anayeona kwamba nepi za kutupa ni anasa, huku pesa ya Jumamosi yake jioni haiguswi, hajawafundisha watu wake kiasi. Amewapakia mzigo ambao yeye hataki kuugusa.

Pesa iliyobaki mkononi

Mtu akituuliza ni kitu gani cha kwanza cha kuwaandalia mapacha, tutasema: pesa ambayo hamjaitumia. Hatusemi hivyo kwa uchoyo. Mimba ya mapacha ina mambo mengi yasiyotabirika. Mama aweza kulazwa mapema. Upasuaji waweza kuhitajika. Mtoto mmoja au wote wawili waweza kubaki hospitali, na nauli ya kwenda kuwaona kila siku ni gharama. Kitanda cha kupendeza hakiwezi kurudishwa dukani usiku wa manane ili kulipa gari la kwenda hospitali.

Kwa hiyo panga mapacha wazaliwe hospitalini, na mfuko wa mama uwe tayari kabla mwezi wa saba haujaisha. Hakikisheni pia kwamba mmejiandikisha SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 ilichukua nafasi ya NHIF, na kwamba michango imelipwa. Kisha tengeni akiba. Baada ya hapo ndipo mgawe kilichobaki kati ya vitu. Wengine watagundua kwamba bei ya kigari cha mapacha ingelipa mshahara wa msaidizi kwa miezi kadhaa. Mkimwajiri msaidizi, naye ni binti wa mtu: mlipeni kiasi kinachotakiwa na sheria, apumzike, wala asigeuzwe punda wa nyumba kwa sababu mmepata watoto wawili.

Katika familia nyingi zetu, wazee hukataza kununua vitu vya mtoto kabla hajazaliwa. Vijana hucheka, lakini chini ya desturi hiyo kuna huzuni ya watu waliowahi kurudi nyumbani mikono mitupu. Mwaweza kuwaheshimu bila kuacha kujiandaa. Fungeni mfuko mdogo wenye vitu vya lazima, mwekeni pesa kando, na mengine yasubiri hadi mtakapowaona watoto na kujua wanahitaji nini. Mapacha si wa kununuliwa kila kitu kwa siku moja.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

Jioni moja wiki hii, zimeni redio, mketi wawili na karatasi. Kila mmoja aandike vitu kumi anavyoona ni vya lazima, bila kumwonyesha mwenzake. Kisha linganisheni, na mjiulize:

1. Katika vitu hivi, ni vipi ambavyo mtoto mwenyewe atavihisi, na ni vipi ambavyo vitaonwa na wageni tu?

2. Kwa kila kitu tulichokifuta, ni nani kati yetu atakayefanya kazi yake? Je, amekubali, au amenyamaza tu?

3. Watoto wakizaliwa kabla ya wakati, mmoja akiwa dhaifu kuliko mwenzake, tutaacha nini ili tumtunze?

4. Ni watu gani watatu ambao tunaweza kuwaomba mikono yao, na nani kati yetu atawaomba?

Mkiisha kujibu swali la pili kwa ukweli, orodha ya vitu itajipanga yenyewe.